Mapato, Mali na "Asiyejiweza": Historia ya Kipimo cha Uhitaji katika Malipo ya Ulemavu nchini Marekani na Athari Zake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna mapato na mali zilivyofanywa kuwa masharti ya kustahiki malipo ya ulemavu nchini Marekani, kuanzia sheria ya mwaka 1935 hadi mabadiliko ya miaka ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba nchi hiyo ilijenga milango miwili kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu: mmoja wa aliyechangia, usiouliza mali, na mwingine wa maskini, unaouliza kila kitu. Istilahi za Kiswahili zinazotumika sasa kufasiri nyaraka za mipango hiyo huichanganya milango hiyo, na mkanganyiko huo huwagharimu wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia huko fedha halisi.

1.0 Utangulizi

Neno asiyejiweza hubeba mizigo miwili katika Kiswahili cha kila siku. Humtaja mtu ambaye mwili au akili yake haimruhusu kufanya kazi, na humtaja pia mtu asiye na kitu. Mchango unapoitishwa kwa ajili ya wasiojiweza, hakuna anayeuliza ni maana ipi kati ya hizo mbili iliyokusudiwa, kwa kuwa katika maisha ya watu wengi maana hizo huishi nyumba moja. Hata Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipowataja wale ambao katika nchi ya kijamaa wanaweza kuishi kwa jasho la wengine, liliwaorodhesha watoto wadogo, wazee, vilema na wale ambao serikali haijaweza kuwapatia kazi. Halikuuliza kama kilema huyo ana shamba au ng'ombe.

Sheria ya Marekani iliuliza. Swali hilo lingebaki kuwa la wanahistoria wa nchi ile kama si kwamba, tangu mwanzoni mwa karne hii, limekuwa likiulizwa kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Wabantu wa Somalia walianza kuhamishiwa Marekani kutoka kambi za Kenya mwaka 2003. Baadaye Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikawa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa huko, na wengi wao walitokea mashariki ya nchi au walikuwa wameishi kambini Tanzania, Burundi, Uganda na Rwanda. Miongoni mwao wamo vipofu, viziwi, waliopoteza viungo vitani na watoto wenye ulemavu wa akili. Wanapofika mbele ya karani, hawatosheki kuthibitisha kwamba hawawezi kufanya kazi. Hutakiwa pia kuthibitisha kwamba hawana.

2.0 Kutoka parokia hadi majimbo

Chimbuko la kuunganisha ulemavu na umaskini kisheria liko Uingereza. Sheria ya Maskini ya mwaka 1601 iliwaagiza wasimamizi wa kila parokia kukusanya kodi kwa ajili ya viwete, vipofu, wazee na wengine wasioweza kufanya kazi, mradi wawe maskini. Mwenye ulemavu aliyekuwa na mali hakuwahusu wasimamizi hao. Makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini yalirithi utaratibu huo, na kwa zaidi ya miaka 300 msaada ulibaki mikononi mwa wilaya, miji na majimbo.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt tarehe 14 Agosti 1935 haikuvunja desturi hiyo, iliigharimia tu. Serikali kuu ilikubali kuyasaidia majimbo kifedha ili yawalipe wazee maskini na vipofu maskini. Mwaka 1950 kundi la tatu liliongezwa, la watu wenye ulemavu wa kudumu na kamili. Kila jimbo lilijipangia kiwango cha malipo na kiwango cha mali ambacho mwombaji angeruhusiwa kuwa nacho. Kipofu aliyehama jimbo moja kwenda jingine aliweza kukuta kwamba nyumba yake ndogo, iliyovumiliwa alikotoka, sasa ni kizuizi.

Upinzani mkali zaidi ulitoka kwa vipofu wenyewe. Jacobus tenBroek, msomi wa sheria katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley na kipofu mwenyewe, aliongoza Shirikisho la Kitaifa la Vipofu tangu lilipoundwa mwaka 1940. Alishikilia kwamba kipimo cha umaskini humfunga mtu katika hali ileile ambayo msaada unadai kumtoa, kwa kuwa kila senti anayoipata kwa kazi yake hukatwa kutoka katika msaada wake. Harakati za kundi hilo zilichangia marekebisho ya mwaka 1950, ambayo kwa mara ya kwanza yaliyalazimisha majimbo kutohesabu dola 50 za mwanzo za ujira wa kipofu kila mwezi. Kiasi ni kidogo, lakini kanuni iliyokuwa ndani yake ni kubwa: sheria ilikiri kwamba si kila anachokipata mtu kihesabiwe dhidi yake. Hesabu zote zilizofuata ni matawi ya ungamo hilo. Inafaa kutambua pia kwamba wenye ulemavu wa aina nyingine hawakupewa nafuu hiyo wakati huo. Vipofu walikuwa na chama chenye nguvu, wengine hawakuwa nacho, na tofauti hiyo ingali imeandikwa katika kanuni za leo.

3.0 Milango miwili

Mlango wa pili ulifunguliwa mwaka 1956. Baada ya mabishano ambamo Seneti iligawanyika kwa kura 47 dhidi ya 45, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria iliyoanzisha bima ya ulemavu. Mwanzoni ililenga wafanyakazi wa umri wa miaka 50 hadi 64. Mwaka 1960 sharti la kutimiza miaka 50 liliondolewa. Msingi wake ni mchango: aliyekatwa mshahara kwa muda uliowekwa anayo haki, awe tajiri au maskini. Mwenye nyumba tatu na akiba kubwa benki hulipwa sawasawa na mpangaji, mradi michango yao inalingana. Kinachoulizwa ni kazi peke yake. Mwaka 2025, mwombaji anayepata ujira unaozidi dola 1,620 kwa mwezi alihesabiwa kuwa anaweza kufanya kazi ya maana, na kwa kipofu kiwango kilikuwa dola 2,700. Hapo ndipo alama ya harakati za vipofu inapoonekana bado.

Mlango wa maskini nao ulijengwa upya. Mwaka 1969 Rais Richard Nixon alipendekeza mpango wa kuzihakikishia familia zote maskini kipato cha chini. Pendekezo hilo lilikwama katika Seneti. Kilichosalimika ni sehemu iliyowahusu wazee, vipofu na wenye ulemavu, yaani wale ambao hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuwaita wavivu. Sheria ilitiwa saini tarehe 30 Oktoba 1972, na Januari 1974 mpango unaojulikana kwa kifupi chake SSI ulichukua nafasi ya utitiri wa mipango ya majimbo na wilaya. Kwa mara ya kwanza kipimo cha uhitaji kikawa kimoja nchi nzima. Malipo ya juu yalianza kwa dola 140 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 210 kwa wanandoa.

Kwa mtafiti wa lugha, hapa ndipo pa kusimama. Kiswahili cha Afrika Mashariki kimejijengea, kupitia mifuko ya hifadhi ya jamii, istilahi mafao kwa maana ya malipo yanayotokana na michango. Sambamba nayo lipo neno ruzuku, ambalo mtumiaji hulielewa kuwa fedha itolewayo na serikali kwa anayehitaji, bila mchango kutangulia. Tofauti hiyo inalingana vizuri na milango miwili ya Marekani: ya mwaka 1956 ni mafao, ya mwaka 1974 ni ruzuku. Mfasiri anayeandika "mafao ya ulemavu" kwa yote mawili hafanyi kosa la kisarufi. Ila amefuta mpaka ambao masharti yote ya mali yamesimama juu yake. Msomaji aliyeambiwa na jirani kwamba mafao hayaulizi akiba atakuwa ameambiwa kweli, kuhusu mlango asioingia yeye.

4.0 Dola 2,000

Sheria ya mwaka 1972 iliweka kikomo cha mali kuwa dola 1,500 kwa mtu mmoja na dola 2,250 kwa wanandoa. Mwaka 1984 Bunge liliamua kikomo kipande hatua kwa hatua, dola 100 kwa mwaka kwa mtu mmoja na dola 150 kwa wanandoa, hadi kifike dola 2,000 na dola 3,000 mwaka 1989. Kilifika. Hakijasogea tena.

Kutosogea huku ni uamuzi, ingawa hakuna aliyeupigia kura. Malipo yenyewe ya SSI huongezwa kila mwaka kulingana na gharama za maisha. Kwa sababu hiyo dola 140 za mwaka 1974 zilikuwa zimefika dola 967 mwaka 2025. Kikomo cha mali hakikuunganishwa na kipimo chochote cha bei. Kama kile cha mwaka 1974 kingepandishwa sambamba na bei, leo kingezidi dola 9,000. Miswada ya kukifikisha dola 10,000 imewasilishwa bungeni, bila kupita. Matokeo yake ni kwamba umaskini unaodaiwa na sheria umekuwa mkali zaidi kila mwaka bila neno moja la sheria kubadilishwa. Anayepokea malipo ya mwezi na kuyatunza kwa uangalifu mkubwa anaweza kuuvuka mpaka kwa akiba ya miezi michache tu.

Viwango vya ndoa vinastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Watu wawili wanaopokea SSI kila mmoja kivyake walipata jumla ya dola 1,934 kwa mwezi mwaka 2025. Wakiwa mume na mke, dola 1,450. Pengo ni dola 484 kila mwezi. Tena sheria haiangalii cheti peke yake. Mwanamume na mwanamke wanaojitambulisha mbele ya jamii kuwa mume na mke huweza kuhesabiwa hivyo. Ndoa ya kimila iliyofungwa kambini kwa mahari na wazee, bila karatasi, ni ndoa machoni pa karani wa SSI, hata pale ambapo ofisi nyingine zilikataa kuitambua.

5.0 Mapato ni kila kinachopatikana

Hesabu ya mapato ina ukarimu na ukali kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 1974, dola 20 za mwanzo za mapato yoyote hazihesabiwi. Kisha dola 65 za mwanzo za ujira, na nusu ya ujira unaobaki. Mtu anayelipwa ujira wa dola 485 kwa mwezi na asiyekuwa na pato jingine hutolewa dola 85, zinabaki 400, nusu yake, dola 200, ndiyo inayokatwa, na kwa kiwango cha mwaka 2025 angepokea dola 767. Anayepewa dola 120 na ndugu yake bila kufanya kazi hukatwa dola 100 nzima. Viwango hivyo vya dola 20 na 65, kama kikomo cha mali, havijaguswa kwa zaidi ya nusu karne.

Ukali uko katika maana ya pato lenyewe. Kanuni hulihesabu kuwa pato lolote ambalo mtu hupokea, liwe fedha au kitu, analoweza kulitumia kujipatia mahitaji yaliyotajwa. Kwa miaka mingi mahitaji hayo yalikuwa chakula, mavazi na makazi. Koti la baridi alilopewa mwenye ulemavu na shangazi yake lilikuwa, kwa mujibu wa maandishi, pato. Mavazi yaliondolewa mwaka 2005, na chakula kikaondolewa katika hesabu ya misaada isiyo ya fedha tarehe 30 Septemba 2024. Makazi yamebaki.

Watafsiri wengi huliendea dhana hii kwa maneno mshahara au kipato. Yote mawili humwelekeza msomaji kwenye fedha za kazi. Mapato, kwa asili yake katika kitenzi -pata, ni bora zaidi, kwa kuwa huwezesha tafsiri kusema wazi kwamba kinachoulizwa ni kila kilichopatikana. Lakini hata neno hilo huhitaji ufafanuzi. Katika familia ya Kiswahili, kijana anayeishi kwa mjomba hapati chochote: yuko nyumbani. Kumwambia kwamba chumba anacholala ni pato lake ni kumwambia kwamba yeye ni mgeni kwa mjomba wake, na si ajabu kwamba wengi hujibu "hapana" kwa moyo safi wanapoulizwa kama kuna anayewapa kitu.

Ugumu huzidi katika kanuni inayohesabu mapato ya mtu mmoja kuwa ya mwingine. Sehemu ya mapato ya mzazi huhesabiwa kuwa ya mtoto mwenye ulemavu hadi atimize miaka 18, na ya mume asiyelipwa SSI huhesabiwa kuwa ya mkewe, zifike mkononi mwake au zisifike. Tafsiri kama "mapato yanayodhaniwa" huleta picha ya karani anayekisia. Sheria haikisii, inahesabu. Mapato ya kuhesabiwa ni istilahi inayofaa zaidi, nayo haihitaji kukopa neno. Upande wa pili wa kanuni hiyo haujawekewa chochote: fedha ambazo mwenye ulemavu huzituma kwa mama yake Uvira au Kigoma hazitolewi katika hesabu. Sheria hutambua jamaa wanaompa, haiwatambui jamaa wanaomtegemea.

6.0 Mali

Si mali yote inayohesabiwa. Nyumba anayoishi mwombaji iliwekewa kikomo cha thamani mwanzoni, na mwaka 1976 kikomo hicho kikafutwa. Gari moja la familia halihesabiwi. Kaburi lililonunuliwa mapema halihesabiwi, na hadi dola 1,500 zilizotengwa kwa mazishi huachwa. Sheria ya mwaka 2014 iliruhusu akaunti maalumu za akiba kwa watu ambao ulemavu wao ulianza kabla ya miaka 26, ambamo dola 100,000 za mwanzo haziguswi na SSI. Kuanzia Januari 2026 umri huo umepandishwa hadi miaka 46. Ni akaunti nzuri kwa mwenye jamaa wa kuijaza.

Wazo la kuacha nyumba na vyombo vya maisha nje ya hesabu si geni kwa pwani ya Afrika Mashariki. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, hutofautisha fukara na maskini katika kustahiki zaka kwa kupima kama alicho nacho mtu kinatosheleza mahitaji yake, na nyumba anayoishi pamoja na nguo zake hazimwondolei ufukara. Zaidi ya hayo, huruhusu fundi kupewa kiasi cha kununulia zana za kazi yake. Kipimo hicho ni cha utoshelevu, si cha namba iliyogandishwa, na hupanda chenyewe bei zinapopanda. Ulinganisho huu una mipaka yake, kwani zaka si ofisi ya serikali. Hata hivyo unaonyesha kwamba maneno fukara na maskini yaliingia katika Kiswahili yakiwa na mjadala wa kustahiki ndani yake, mjadala ambao matumizi ya leo yameusahau.

Neno rasilimali, ambalo baadhi ya tafsiri hulitumia kwa kikomo cha dola 2,000, halifai. Kwa mzungumzaji wa leo rasilimali ni misitu, madini, au mtaji wa biashara. Mali linatosha, mradi lifafanuliwe kama sheria inavyofafanua: kile ambacho mtu ana haki na uwezo wa kukiuza au kukigeuza fedha. Ufafanuzi huo humlinda mkimbizi katika jambo moja na kumweka hatarini katika jingine. Shamba la ukoo ambalo hawezi kuliuza bila idhini ya jamaa si lazima liwe mali yake kisheria. Akijibu tu kwamba "ana shamba" huko kwao, amejitangazia utajiri asiokuwa nao.

Hatari kubwa iko katika upatu, au likelemba kama wasemavyo Wakongo. Mweka hazina wa upatu, ambaye mara nyingi huchaguliwa kwa uaminifu na kwa kuwa yuko nyumbani muda wote, hutunza fedha za wenzake katika akaunti yake. Kwa desturi hiyo ni amana. Kwa kanuni za SSI, fedha zilizo katika akaunti ambayo mtu ana uwezo wa kutoa huchukuliwa kuwa zake hadi athibitishe vinginevyo. Kiswahili kina neno amana, tayari na kamili. Linakosekana katika fomu, na kwa hiyo halimjii mdomoni anayehojiwa.

Ulinganisho na nyumbani hausaidii sana kuondoa mkanganyiko. Mpango wa Kenya wa kuwalipa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011, nao huuliza umaskini, lakini huuliza umaskini wa kaya nzima na huangalia kama kuna mwanakaya mwenye pensheni au kipato cha kudumu. Anayetoka Kakuma au Nairobi huenda amesikia mpango huo, na huingia katika ofisi ya Marekani akidhani kaya ndiyo itakayopimwa. Hupimwa yeye, kwa jina lake, na kaya yake huingizwa pale tu inapompunguzia.

7.0 Notisi

Mwaka 1996 Marekani iliwaondoa wasio raia wengi katika SSI. Wakimbizi waliachiwa miaka mitano, na mwaka 1997 ikawa miaka saba. Baada ya hapo asiyekuwa raia hupoteza malipo hata kama ulemavu na umaskini wake haujabadilika. Uraia nao kwa kawaida hupatikana kwa mtihani wa Kiingereza, ingawa ipo ruhusa ya kuusamehe kwa sababu za kiafya. Amri ya Rais namba 13166 ya mwaka 2000 ilizitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Ilifutwa Machi 2025. Kwa hali hiyo kazi ya kufasiri huwaangukia zaidi mashirika ya kijamii, makanisa, misikiti, na watoto wa shule wanaowasomea wazazi wao barua.

Barua inayosomwa kwa shida kuliko zote ni ile inayotumwa pale mali ilipovuka kikomo au mapato hayakuripotiwa, kuarifu kwamba mtu alilipwa kuliko stahili yake. Tafsiri inayomjia mtoto, na hata mfasiri mzoefu, ni malipo ya ziada. Katika Kiswahili cha kazini malipo ya ziada ni jambo jema: ni fedha ya saa za nyongeza, ni bahashishi. Mpokeaji huiweka barua kabatini kwa furaha, au huenda kuuliza fedha hizo zitaingia lini. Istilahi deni la malipo yaliyozidi ni ndefu, lakini huanza na neno ambalo hakuna atakayelichukua kuwa zawadi. Urefu huo una faida yake, kwa sababu barua hiyo ina saa inayotembea: mpokeaji ana siku 60 za kukata rufaa, na asipofanya lolote, kwa kawaida asilimia 10 huanza kukatwa katika malipo yake ya kila mwezi hadi deni liishe. Ombi la kusamehewa deni, kwa aliyelipwa kimakosa bila hatia yake na asiyeweza kulipa, halina muda wa mwisho, na laweza kuwasilishwa hata baada ya makato kuanza.